Kurudi kwenye cherehani baada ya kulazwa

Dada, umeuliza kama utashona tena baada ya kulazwa kwa baipola, ule ugonjwa wa akili unaopandisha na kushusha hisia kupita kiasi. Mimi nilirudi, ila polepole: nilianza kwa kukunja pindo za suruali za majirani, saa mbili kwa siku, basi.

Kilichonisaidia zaidi ni usingizi. Nikikesha siku mbili na bado nina nguvu za ajabu, mdogo wangu anachukua simu na hela zangu, tunaenda kliniki. Tulikubaliana hivyo nikiwa mzima.

Kama unameza lithiamu, dawa ya kutuliza hisia, pima damu kila unapopangiwa, na usichanganye na ibuprofeni, ile dawa ya maumivu, bila kumuuliza daktari. Usiiache ghafla ukipata nafuu. Mimi niliiacha, nikalazwa tena. Mawazo ya kujiua yakija, usingoje tarehe ya kliniki, nenda hospitali saa hiyo hiyo.