Bosi kanipa laki mbili, anasema yameisha

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni fundi fenicha hapa Morogoro, mwezi wa tatu mashine ya randa ilinikata vidole viwili mkono wa kulia. Bosi alilipa hospitali siku ile, akanipa laki mbili nikajiuguze. Juzi nimemfuata anasema kwake yameisha, na mshahara hamna. Nilikuwa nalipwa laki nne. Kuna pesa yoyote naweza kupata?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana. Hayajaisha! Hiyo laki mbili alikushika mkono tu, fidia ni kitu kingine kabisa. Ukiumia kazini huku Bara anayelipa ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, yaani WCF, na anayechangia ni mwajiri peke yake, wewe hukatwi hata senti, ndo maana mafundi wengi hawajui kama upo na inaniuma sana. Kwa muda ambao huwezi kufanya kazi kiwango ni asilimia 70 ya mshahara, kwako wewe ni 280,000 kwa mwezi, na inaweza kwenda mpaka miezi 24. Matibabu nayo yamo. Kidonda kikipona daktari anapima ulemavu uliobaki, ukiwa asilimia 30 kushuka unalipwa kwa mkupuo, ukizidi hapo ni pensheni ya kila mwezi.

Bosi akisema hajakusajili huko WCF usirudi nyumbani, kusajili na kuchangia ni jukumu lake kisheria sio lako. Nenda WCF mwenyewe katoe taarifa, beba karatasi za hospitali na chochote kinachoonyesha ulikuwa unalipwa, hata meseji za mshahara kwenye simu usizifute. Wahi, dai linatakiwa lipelekwe ndani ya miezi 12.

NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, nao wana pensheni ya ulemavu ila wanataka uwe umepoteza theluthi mbili ya uwezo wa kujiingizia kipato, kwa vidole viwili sioni ukifika huko. Hiyo inamfaa zaidi mtu aliyepooza au kuumia nje ya kazi.

Wewe anza na mwenzako yeyote wa kazini aliyekuwepo siku ile ukiumia, mwombe leo aandike alichokiona, aweke na sahihi.