Wasomaji Wauliza: Henry wa Tano, mshale wa Shrewsbury na matope ya Azincourt

Toleo lililopita tuligusia kwa aya mbili tu mapigano ya Azincourt ya mwaka 1415, ambapo Mfalme Henry wa Tano wa Uingereza aliwashinda Wafaransa. Aya mbili hizo zimetuletea barua nyingi kuliko habari kuu ya ukurasa wa mbele. Tumechagua sita.

Nimesikia Henry alipigwa mshale wa uso kabla hajawa mfalme. Mshale wa uso, na asife? Walimtibu vipi wakati hakukuwa na dawa za kuua vijidudu? (Msomaji, Iringa)

Ni kweli tupu. Ilikuwa tarehe 21 Julai 1403, kule Shrewsbury, magharibi mwa Uingereza, kijana akiwa na miaka 16 na akimpigania baba yake, Henry wa Nne, dhidi ya waasi wa ukoo wa Percy, makabaila wa kaskazini mwa Uingereza. Mshale ulimwingia kando ya pua. Uti wake ukavutwa ukatoka, kigumba, yaani ncha yake ya chuma, kikabaki ndani, kimekwama kwenye mfupa wa nyuma ya fuvu, kina cha inchi 6, yaani kama sentimita 15. Watu wengi wa enzi zile walinusurika pigo lenyewe, wakaja kuuawa na chuma kilichosalia mwilini na usaha uliofuata.

Tabibu John Bradmore aliandika kwa mkono wake alichofanya, ndiyo maana tunaweza kumfuata hatua kwa hatua. Kwanza alipanua njia. Alichukua kiini laini kinachopatikana katikati ya matawi ya mti fulani, akakikausha, akakishonea kitani safi, akakichovya kwenye asali ya mawaridi na kukitumbukiza kidondani. Kila alipobadilisha aliweka kijiti kinene na kirefu kuliko cha awali, mpaka akafika kwenye chuma.

Kisha akatengeneza koleo dogo, jembamba kama mshale, lenye uwazi ndani na skurubu inayopita katikati. Kigumba kina tundu la kuchomekea uti. Koleo liliingia kwenye tundu hilo, skurubu ikazungushwa, ncha zikatanuka na kukibana chuma kwa ndani. Akalichezesha huku na huku, polepole, mpaka kikatoka.

Kazi haikuishia hapo. Aliosha kidonda kwa divai nyeupe akitumia kibomba, akaweka tambi za kitani zilizolowekwa mchanganyiko wa mkate, shayiri, asali na tapentaini. Kila baada ya siku mbili alizifupisha kidogo, ili nyama ijae kuanzia chini kuja juu. Ukikiacha kidonda kirefu kijifunge juu wakati chini bado kichafu, umefungia usaha ndani. Baada ya siku 20 kilikuwa safi. Asali na divai hupunguza vijidudu, jambo ambalo Bradmore hakulijua kwa jina ila kwa matokeo.

Jeshi la 1415 alilipa nani? Au watu walilazimishwa tu kama kazi za shokoa? (Msomaji, Nakuru)

Walilipwa, na kwa maandishi. Uingereza haikuwa na jeshi la kudumu, hivyo kila nahodha aliandikiana na mfalme kuleta idadi fulani ya watu kwa muda fulani. Mkataba uliandikwa mara mbili juu ya kipande kimoja cha ngozi, kisha ukakatwa katikati kwa mstari wa meno-meno kama msumeno, kila upande ukabaki na nusu. Ukizuka ubishi, nusu mbili zinakutanishwa. Meno yasipokaana, kuna mtu ameghushi.

Askari wa deraya, yaani aliyevaa vazi la chuma la vitani, alipata peni 12 kwa siku, mpiga upinde peni 6. Malipo yalikwenda kwa robo ya mwaka, na ile ya kwanza ilianza kulipwa kabla ya kupanda meli. Robo ya pili hazina haikuwa nayo, kwa hiyo mfalme akawawekea manahodha rehani ya vito na vyombo vya dhahabu vya kifalme. Baadhi ya rehani hizo zilikuwa hazijakombolewa hata yeye alipokwisha kuzikwa. Ngawira nayo ilikuwa na kanuni: theluthi ya alichopata askari ilikwenda kwa nahodha, na theluthi ya alichopata nahodha kwa mfalme.

Vifaa vilihesabiwa hadi unyoya. Mwaka 1417 wakuu wa majimbo waliamriwa kukusanya manyoya sita ya bawa kutoka kwa kila bata bukini, isipokuwa wale wa kuatamia. Piga hesabu: fungu la mishale lilikuwa na mishale 24, kila mshale unataka vipande vitatu vya unyoya, jumla 72. Hata kama kila unyoya ungetoa vipande viwili, fungu moja lingehitaji bata sita, na mpiga upinde hodari angelimaliza ndani ya dakika chache.

Inawezekanaje wachache, wenye njaa na wanaohara, wawashinde wengi walioshiba? Mwalimu wetu anasema ni upinde mrefu tu. (Mwanafunzi wa kidato cha sita, Tanga)

Mwalimu ana nusu ya jibu. Wanahistoria bado wanavutana kuhusu idadi: Waingereza kati ya 6,000 na 9,000, Wafaransa kuanzia 12,000 hadi zaidi ya 20,000. Vyovyote iwavyo, Henry alikuwa na watu wachache zaidi, na hali yao ilikuwa mbaya.

Kuuzingira Harfleur, mji wa bandari wa Normandia, kulimla zaidi ya mwezi mzima, hadi 22 Septemba, na ugonjwa wa kuhara damu ukamwondolea watu wengi. Akaacha 1,200 kuulinda mji. Tarehe 8 Oktoba akaondoka kuelekea Calais, bandari ya Ufaransa iliyokuwa mikononi mwa Waingereza, na chakula cha siku nane. Alitegemea kuvuka mto Somme karibu na bahari, pale Blanchetaque, akakuta kivuko kimezibwa. Ikabidi apande na mto siku baada ya siku, akavuka tarehe 19. Njiani alipata habari kwamba Wafaransa wamepanga kuwakanyaga wapiga upinde kwa farasi. Akaamuru kila mmoja akate kigingi cha futi 6, akichonge ncha zote mbili, na asitengane nacho.

Usiku wa kuamkia 25 Oktoba mvua ilinyesha mfululizo. Uwanja ulikuwa shamba lililolimwa na kupandwa ngano karibuni, na msitu kila upande. Asubuhi Wafaransa hawakusogea, na walikuwa na akili kutosogea, kwa sababu jeshi lisilo na chakula linajimaliza lenyewe. Hapo Henry akafanya uamuzi ambao kwa maoni yetu ndio ulioshinda vita: akasogea yeye. Wapiga upinde waling'oa vigingi, wakatembea mbele hadi mishale iweze kufika, wakavipigilia upya. Kama farasi wa Kifaransa wangetoka mbio wakati vigingi viko mikononi, leo tungekuwa tunajibu swali jingine. Lakini wapanda farasi wengi walikuwa wametawanyika, na waliokuja walikuja wachache na kwa kuchelewa. Farasi wakachomwa mishale, wakageuka, wakawakanyaga wenzao waliokuwa wakija kwa miguu na kulivuruga zaidi tope lile.

Mishale haikuitoboa deraya nzuri kirahisi. Kazi yake kubwa ilikuwa kuwafanya watu wafunge chapeo, wainamishe vichwa na kukwepana kuelekea katikati. Sasa mfikirie mtu aliyevaa chuma cha kilo 20 hadi 30, tope likimfika magotini, haoni vizuri, hewa ndogo, na nyuma yake maelfu wanasukuma bila kujua mbele kuna nini. Walibanana hadi wakashindwa kuinua mikono. Mmoja akianguka, wa nyuma anamwangukia. Mishale ilipokwisha, wapiga upinde, ambao wengi hawakuwa na chuma kizito cha kuwazamisha, waliingia na visu, mashoka na zile nyundo walizopigilia vigingi.

Ni kweli aliwaua mateka? (Msomaji, Bujumbura)

Kweli. Safu mbili za Wafaransa zilikuwa zimevunjika, lakini ya tatu ilikuwa bado imesimama, na zikaja habari kwamba mizigo ya Waingereza imevamiwa nyuma. Mateka walikuwa wengi, wamevuliwa chapeo tu, na uwanja umejaa silaha za kuokota. Henry akaogopa kushambuliwa pande mbili, akaamuru wauawe. Askari wa deraya wakasita, kwa sababu kila mateka alikuwa fidia, yaani pesa. Waandishi wa wakati ule wanasema kazi hiyo walipewa wapiga upinde 200. Safu ya tatu ilipoondoka, mauaji yakasimama. Watetezi wake husema alilazimika. Sisi tunaona hofu yake ilikuwa na msingi na kitendo chake kilikuwa ukatili, vyote viwili. Wakubwa kama Duke wa Orléans waliachwa hai, na huyo alikaa kifungoni Uingereza hadi 1440.

Baada ya ushindi ule, kwa nini hakuchukua Ufaransa pale pale? (Msomaji, Dar es Salaam)

Kwa sababu Azincourt haikumpa hata mji mmoja. Alifika Calais, akarudi nyumbani. Nchi ya enzi zile ilitwaliwa kwa ngome, moja baada ya nyingine, na hilo alilianza Agosti 1417 aliposhuka Touques, pwani ya Normandia, na kuuchukua mji wa Caen tarehe 4 Septemba. Hii ndiyo sehemu ya kazi yake isiyo na msisimko, na ndiyo kubwa.

Tazama Rouen, mji mkuu wa Normandia. Kabla ya kuugusa alitwaa kwanza Pont-de-l'Arche, juu ya mto Seine, ili chakula cha kutoka Paris kisipite. Mwisho wa Julai 1418 akaizunguka Rouen, akachimba mahandaki na kufunga mto kwa minyororo. Kisha akangoja. Ndani ya mji watu walikula farasi, halafu mbwa, paka na panya. Walinzi wakawatoa nje maskini, wazee na watoto, inasemekana 12,000, ili kupunguza midomo. Henry akakataa kuwapitisha. Wakabaki kwenye handaki kati ya kuta na jeshi, baridi ya Desemba ikiwamaliza. Siku ya Krismasi aliwapelekea chakula, kesho yake hapana. Mji ulisalimu amri 19 Januari 1419 na kutozwa krauni 300,000.

Tumeulizwa pia, na msomaji huyo huyo, kama alizungumza Kifaransa au Kiingereza. Vyote viwili, ila katika kampeni hii ya 1417 alianza kuandika barua zake kwa Kiingereza badala ya Kifaransa. Watengeneza bia wa London walipoamua mwaka 1422 kuandika kumbukumbu zao kwa Kiingereza, walitaja mfano wa mfalme.

Je, aliwahi kuwa mfalme wa Ufaransa? (Msomaji, Zanzibar)

Hapana, alikosa kwa siku 51. Mkataba wa Troyes wa 21 Mei 1420 ulimfanya mrithi wa Charles wa Sita, mfalme wa Ufaransa, na tarehe 2 Juni akamwoa binti yake, Catherine. Alichotakiwa kufanya ni kuishi kuliko mkwewe, mzee mwenye ugonjwa wa akili. Lakini majira ya baridi ya 1421 yalimkuta akizingira mji wa Meaux, kazi iliyomchukua hadi Mei 1422, na maradhi ya kambini, yaelekea kuhara damu kulekule kwa Harfleur, yakampata. Alifariki Vincennes, karibu na Paris, tarehe 31 Agosti 1422. Charles akafa 21 Oktoba.

Haki ikaangukia kwa mwanawe, Henry wa Sita, mtoto ambaye hajatimiza hata mwaka. Alivikwa taji la Ufaransa tarehe 16 Desemba 1431, mjini Paris. Desturi ilitaka iwe Reims, lakini Reims ilikwisha kumvika taji Charles wa Saba, mwana wa Charles wa Sita, miaka miwili kabla.