Maswali Yenu: Ulemavu, Kazi na Kodi

Sheria mpya ya Kenya ya Watu Wenye Ulemavu ilitiwa sahihi tarehe 8 Mei 2025, ikachukua nafasi ya ile ya 2003. Tumejibu barua tatu.

Ninatumia mkono mmoja. Niliomba kazi ya stoo katika kampuni ya Industrial Area yenye wafanyakazi 60. Meneja alinitazama akasema kazi hiyo haifai mtu kama mimi. Je, ile asilimia 5 ya nafasi za kazi za watu wenye ulemavu inawalazimu waniajiri? – Msomaji, Mukuru

Hailazimu uajiriwe wewe binafsi, ndugu yetu. Lakini kuna jambo limebadilika. Sheria ya 2003 ililiambia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu lijitahidi kupata nafasi hizo, na jukumu la kujitahidi halimbani mtu. Ya sasa inamgeukia mwajiri mwenyewe: mwenye wafanyakazi 20 au zaidi lazima atenge angalau asilimia 5 ya nafasi. Kwa watu 60 hiyo ni nafasi 3, na una haki ya kuuliza ziko wapi.

Hata hivyo, nguvu yako kubwa iko katika maneno ya meneja. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinakataza kumbagua mwombaji kazi kwa sababu ya ulemavu, na kesi ikifika mahakamani ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kwamba hakubagua. Kesi hizi huanguka kwa kukosa karatasi. Piga picha tangazo la kazi kabla halijabanduliwa. Andika leo hii tarehe, saa, alichosema na nani alikuwepo. Kisha watumie barua pepe ukiomba sababu kwa maandishi, na utaje kinachokuwezesha kuifanya kazi hiyo, mathalani kigari cha kusukuma mizigo na rafu za kimo cha kiuno. Wakinyamaza, peleka nakala kwa Baraza na kwa Tume ya Taifa ya Jinsia na Usawa. Lakini usingoje majibu yao ukasahau Mahakama ya Ajira pale Milimani: madai chini ya Sheria ya Ajira yana ukomo wa miaka 3, na muda unahesabiwa hata barua zako zikiwa kwenye meza ya mtu.

Nina kadi ya ulemavu lakini PAYE, kodi ya mapato inayotolewa kwenye mshahara, bado inakatwa. Mhasibu anasema hajui lolote. – Mwalimu, Umoja

Mhasibu hana kosa, mwalimu. Kadi inaonyesha umesajiliwa tu. Kinachomruhusu asikate ni cheti cha msamaha kutoka mamlaka ya kodi, KRA, ambacho huombwa kwenye tovuti yake ya iTax. Andaa kadi, ripoti ya daktari wa hospitali ya serikali, barua ya mwajiri na PIN, yaani namba yako ya mlipa kodi. Majina yalingane kote, na ritani za kodi za miaka iliyopita ziwe zimejazwa. Ripoti isiishie kwenye jina la ugonjwa. Mwombe daktari aeleze unavyokuathiri katika shughuli za kila siku.

Ukipata cheti, shilingi 150,000 za kwanza za kila mwezi hazitozwi kodi ya mapato. Makato ya SHA, bima ya afya, hayaguswi: kwa mshahara wa 62,000, ile asilimia 2.75 bado ni shilingi 1,705. Angalia pia tarehe ya mwisho ya cheti. Kikiisha, kodi hurudi bila mtu kukuarifu.

Zahanati ya mtaani kwetu ina ngazi 3, na mwenye jengo ameweka ubao wa mita 2 akisema hiyo ni rampu. – Mama wa mtoto anayetumia kiti cha magurudumu, Kayole

Mama, huo ubao ni hatari. Kipimo kinachokubalika ni 1 kwa 12: kila sentimita 15 za kwenda juu zinahitaji mita 1.8 za urefu. Ngazi 3 za kawaida ni sentimita 45, basi rampu iwe mita 5.4. Kwa mita 2, kiti hupinduka nyuma au anayesukuma huteleza. Nafasi ikiwa finyu, rampu ikate kona, na pale inapogeuka paachwe sakafu bapa ya mita 1.5. Mbele ya mlango paachwe ukubwa huohuo, la sivyo mtoto atavuta mlango huku kiti kikirudi nyuma. Uso wa rampu uwe saruji iliyopigwa brashi, wala si vigae, na pembeni pawe na vyuma vya kushikilia.

Sheria ya 2003 iliwapa wenye majengo ya umma miaka 5 kufanya marekebisho, na miaka hiyo ilipita zamani. Mpelekee vipimo hivi kwa maandishi, ubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Mwambie apime na mlango ukiwa wazi, kwani upana wa kupita usipungue sentimita 80. Kupima fremu peke yake hudanganya.