Notsi na mitihani elfu kadhaa: ipange programu au wapange walimu?

Mkuu, umeuliza kama hazina yenu ya notsi na mitihani ya sekondari ipangwe na programu au wagawiwe walimu. Nasimamia hazina ya namna hiyo, masomo ya sayansi. Kwa niliyoyaona, programu ipendekeze, walimu waamue, na uamuzi wao urudi kuifunza programu.

Anzeni kwa kuondoa marudio. Notsi zilezile huzunguka WhatsApp, kila aliyezipokea kabandika jalada lake na namba yake ya simu, basi kompyuta inaona mafaili tofauti. Tumieni mbinu ya mtaalamu wa kompyuta Andrei Broder ya mwaka 1997, iliyotumika AltaVista, mtambo wa zamani wa kutafuta mtandaoni, kukamata kurasa zinazofanana: maandishi hukatwa vipande vya maneno machache yanayofuatana, kisha hupimwa ni vingapi vimo kote kuwili. Kwetu hakuna kilichopunguza kazi kama hiki. Kurasa zilizopigwa picha kwa simu zipitisheni kwanza kwenye programu ya kusoma herufi. Za mwandiko wa mkono mpeni mtu tu, msipoteze muda.

Kupanga kwa mada kunategemea wazo la mtafiti wa kompyuta Karen Spärck Jones la mwaka 1972: neno lililo adimu kwenye mafaili mengine ndilo linalolitambulisha faili lako. Biolojia ilikaa vizuri, kila mada ina msamiati wake. Fizikia ilitutoa jasho, kwa sababu maswali ya mwendo, nguvu na nishati yanatumia maneno mengi yaleyale. Na mkichanganya mafaili ya Kiswahili na Kiingereza, programu itayatenga kwa lugha kabla ya mada, kwa hiyo kila lugha ichakatwe peke yake.

Sasa walimu. Usimpe mwalimu faili na kumwambia aandike lebo, yaani jina la mada. Kila mmoja ataandika anavyojua yeye. Mpe mapendekezo matatu ya programu, achague au ayakatae yote. Faili moja lipitiwe na wawili, wakipishana lipelekwe kundini. Kubishana huko kunachosha, lakini ndiko kulikotupa lebo bora. Mihtasari mipya ya masomo ilipoanza kutumika, programu iliyofunzwa kwa lebo za zamani iliendelea kupanga kama kawaida, bila wasiwasi wowote! Walioona kwamba mada zimehama ni walimu walio darasani.

Takwimu za upakuaji zinafaa, ila kwa tahadhari. Zinafichua uhusiano ambao maandishi hayauonyeshi, mathalani wanaopakua fizikia ya kidato cha tatu wakirudi kuchukua aljebra ya chini. Lakini mtihani wa taifa wa Novemba ukikaribia, kila mtu anapakua mitihani yenye majibu, na hiyo itapanda juu ya kila kitu. Sisi miezi hiyo tunaihesabu pembeni.

Mna walimu wangapi wanaoweza kutoa saa moja kwa wiki? Kama ni watatu, chukueni somo moja kwanza. Weka hapa pia ni mafaili mangapi ya maandishi na mangapi ya picha, nikuelekeze programu ya kuanzia.