Karata nne ngeni kwenye pakiti

SWALI: Nimenunua nakala ya taroti (karata za picha za kuchezea na kupigia ramli) ya Visconti-Sforza. Karata nne zinaonekana mpya kuliko wenzake, nyingine zina kitundu juu, na dhahabu yake ni kahawia tu. Nimepigwa?

JIBU: Hujapigwa. Karata za asili zilichorwa karne ya 15 kwa ajili ya Visconti na Sforza, koo zilizotawala Milan, Italia. Kati ya 78 zinazohesabiwa kwenye pakiti kamili, zimebaki 74. Ibilisi, Mnara, Tatu ya Panga na Mpanda Farasi wa Sarafu hazipo, kwa hiyo mchapishaji huzibuni. Kitundu ni alama ya msumari iliyopigwa picha pamoja na mikwaruzo. Nakala iliyofutwa alama hizo ndiyo ya kutilia shaka.

Kuhusu dhahabu, wino wa kawaida wa rangi nne haung'ai, hivyo dhahabu hugeuka rangi ya haradali. Nakala iliyobandikwa karatasi ya dhahabu hung'aa, lakini mara nyingi hufunika nakshi za vitone zilizogongwa kwenye dhahabu. Sisi tungechukua ya kahawia. Pima pia kwa rula: za asili ni takriban milimita 173 kwa 87, na zikipunguzwa sana nakshi hupotea. Usizifunge kwa mpira, utakata kingo.