Maswali ya Wasomaji: Nifufue Mkweche Wangu au Ninunue Uliokwishafufuliwa?

Mwezi huu mmenijia na magari ya zamani kweli kweli, barua karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa njia tofauti, nimechukua nne ambazo nadhani zitawasaidia na wengine.

Fundi shikamoo. Baba mdogo ameniachia Volkswagen Beetle ya 1972, ile mgongo wa kobe, imelala juu ya mawe mwaka wa kumi na moja huu. Injini haizunguki kabisa, na chini ya kiti cha nyuma ukichungulia unaona ardhi. Naipenda maana nimekulia humo ndani. Sasa kuna jamaa anauza kama hiyo hiyo imeshatengenezwa, inang'aa, ukipiga funguo tu inaondoka. Mke wangu anasema hii hesabu ni ya darasa la pili, nunua ile. Mi moyo unakataa. Nifanyeje? – Mtoto wa Kobe

Marahaba. Mkeo yuko sawa kwenye hesabu, hilo tulikubali mapema tusije tukadanganyana. Gari ya kawaida ikifufuliwa vizuri, risiti ukizijumlisha mara nyingi zinapita ile bei gari yenyewe itakayouzika, labda iwe ya adimu sana, na Beetle siyo adimu, zilitoka zaidi ya milioni 21 mpaka ya mwisho ilipotoka kiwandani Puebla, Mexico, Julai 2003. Maana yake yule jamaa anayekuuzia yake inawezekana kabisa anauza kwa hasara, sehemu ya maumivu ameshakulipia yeye.

Ila naona umeanza kuitaja injini, kwamba haizunguki, kama vile ndo ugonjwa mkubwa. Injini iliyoganda isikutishe sana. Toa plagi, mimina oili nyepesi ya kulainisha kwenye matundu yote manne, acha siku kadhaa, ongeza tena, halafu jaribu kuzungusha kwa mkono taratibu kwa spana kwenye puli, usije ukaisukuma gari na gia ndani maana ringi za pistoni zilizoshikana zitavunjika hapo hapo. Ikikubali, umeokoa pesa. Ikikataa, injini ya Beetle inapozwa kwa hewa, haina rejeta wala mabomba ya maji, inashikiliwa na boli nne tu kwenye gia boksi, watu wawili na jeki mnaishusha asubuhi na chai mnakunywa bado ya moto.

Kinachoua magari haya ni bodi. Hilo tundu unaloliona chini ya kiti cha nyuma naweza kusema limeanzia kwenye betri, maana betri ya Beetle inakaa hapo, asidi inadondoka miaka na miaka na bati linakwisha. Sakafu yenyewe siyo msiba, vipande vipya vya sakafu vinauzwa mpaka leo, unakata unawelidi. Mimi nataka uangalie ile mifereji inayopita chini ya milango kupeleka hewa ya moto mbele. Watu wanaona ni bomba la hita tu kumbe ndo uti wa mgongo wa bodi, ikioza hiyo bodi inakuwa imekaa juu ya sakafu kwa mazoea tu. Chukua bisibisi uichome chome kutoka chini, ikizama kama kwenye biskuti iliyoloa, haya, imeoza. Kipimo kingine, fungua mlango, piga jeki katikati ya gari, halafu jaribu kuufunga. Mlango ukikwama au ukianza kukaa upande, bodi inajikunja.

Sasa hukumu yangu. Mifereji ikiwa mizima, fufua ya baba mdogo, na uanze na sakafu na breki, rangi iwe ya mwisho kabisa. Mifereji ikiwa imeoza pande zote mbili na wewe huwelidi mwenyewe, nunua ya jamaa (ukishaikagua, soma jibu linalofuata), na ile ya nyumbani usiifanye chuma chakavu, ina vioo, usukani, taa, bampa, vitu ambavyo vya kiwandani vilikuwa vizuri kuliko vingi vya kuiga vinavyouzwa siku hizi. Hamishia usukani wa baba mdogo kwenye gari mpya. Najua siyo jibu ulilotaka.

Halafu kuna swali hujajiuliza, au umejiuliza ukakwepa: Jumamosi asubuhi unajiona wapi, nyuma ya usukani au chini ya gari uso umejaa grisi? Maana wapo wanaopenda gari na wapo wanaopenda kutengeneza gari, na huyu wa kwanza akinunua mradi anateseka, na huyu wa pili akinunua iliyokwisha anaichoka mwezi wa tatu anaanza kufungua vitu vizima.

Fundi, nimepata Land Rover Series III ya 1978, muuzaji anasema imefanyiwa kila kitu, rangi kama kioo. Nilisoma mahali kwamba ukitaka kujua kama wamejaza puti, ule udongo wa kuzibia mabonde na matundu ya bodi, uweke sumaku. Nimeweka mlangoni, haishiki. Bawa la mbele, haishiki. Paa, haishiki! Hii gari yote ni puti? Nimrudishie funguo? – Mwenye Sumaku

Nimecheka peke yangu ofisini, samahani ndugu yangu. Bodi ya Land Rover hizo ni aluminiamu, sumaku haitashika hata ukeshe. Zilipoanza 1948 Uingereza ilikuwa bado inapumua kutoka vitani, chuma kilikuwa kwa mgao, aluminiamu ilikuwepo, basi wakaitumia, na waliona inafaa wakaendelea nayo. Kwa hiyo sumaku yako ibaki mfukoni, utaihitaji kwa gari nyingine zenye bodi ya chuma, na huko uifunge kwenye kitambaa isikwaruze rangi, sehemu inaposhika kwa unyonge au isiposhika kabisa hapo chini kuna puti nene.

Ila usifurahi haraka. Watu husema Land Rover haiozi kwa sababu ya bodi, wakati chesisi, ile fremu ya chini inayobeba gari yote, ni chuma, ule ukuta kati ya injini na miguu yenu ni chuma, na fremu za ndani ya milango ni chuma. Pale chuma na aluminiamu vinapogusana maji yakiingia kunatengeneza kutu ya umeme, utaona unga mweupe na rangi inavimba vimba kama ngozi iliyoungua. Angalia kingo za chini za milango.

Sasa lala chini. Chesisi ya hiyo gari ni boksi, kutu inaanzia ndani inakuja nje, ukiiona nje ujue ndani sherehe iliisha zamani. Chukua nyundo ndogo, gonga gonga urefu wote, chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kwa sauti ya bubu. Kaza macho kwenye boriti ya nyuma kabisa na pale springi zinaposhika. Na ukikuta chini kote kumepakwa lami nyeusi mbichi bado inanuka, mimi hapo huwa nasimama. Inaweza kuwa ni kinga ya kweli na inaweza kuwa ni blanketi, muulize akuonyeshe picha za chesisi kabla ya kupakwa.

Hili la picha ndo kubwa kuliko yote niliyosema. Mtu aliyefufua gari kwa mapenzi anakuwa na picha mia tatu, atakuchosha nazo, atakuonyesha chesisi ikiwa uchi, atakuonyesha kidole chake kilichokatwa na bati. Aliyepiga rangi ili auze hana picha, ana maneno. Neno "imefanyiwa kila kitu" halina maana mpaka liwe na tarehe na risiti ya kila hicho kitu.

Kingine, mwambie muuzaji, "usiiwashe kabla sijafika." Ukifika gusa injini, ikiwa ya moto kuna kitu amekificha kwenye kuwaka kwake asubuhi. Endesha mpaka ipate joto kweli, siyo kuzunguka uwanja mara moja. Soma namba ya chesisi kwa macho yako kwenye chuma, siyo kwenye karatasi, halafu ulinganishe na hati ya usajili. Zisipofanana ondoka, usisikilize hadithi.

Kaka, kuna gari naipenda inauzwa bei ya kutupa kwa sababu imefunguliwa yote iko kwenye maboksi, mwenyewe alichoka. Anaapa kila kitu kipo. Ninunue? – Maboksi

Hapana.

Haya nieleze kidogo. Nilipokuwa kijana nilifungua gari yangu ya kwanza yote wikiendi moja, kwa fujo, kwa raha, boli zote nikatupia ndoo moja, sikuandika, sikupiga picha, nilijiambia nitakumbuka. Kuifungua siku mbili, kuirudishia miaka minne, na mpaka leo nina boli saba ndani ya kopo sijui zinatoka wapi na gari inatembea, sijui kwa nini inatembea. Na hiyo niliifungua mwenyewe! Wewe unataka kurudishia gari iliyofunguliwa na mtu mwingine. "Kila kitu kipo" anaamini kweli, hakudanganyi, ila zile klipu, zile raba, kile kibati cha kushikilia waya wa kabureta, vitu ambavyo haviuzwi popote, hivyo ndo havipo. Mradi wa maboksi ununue tu kama una gari nyingine kama hiyo nzima pembeni ya kuchungulia.

Mimi si fundi, sina gereji, pesa ya kununua iliyofufuliwa sina, na mkweche wa juu ya mawe siuwezi. Basi niache tu ndoto? – Katikati

Wewe ndo uliyeniandikia swali zuri kuliko wote na pengine hujui. Tafuta ya tatu, ile ambayo haijafufuliwa wala haijafa. Rangi imefifia, kiti kimechanika, ina mikwaruzo ya kweli, lakini ilitembea wiki iliyopita na itatembea wiki ijayo. Hizi hazivutii macho kwa hiyo bei yake ina adabu, na unaona kila kitu ilivyo, hakuna rangi mpya ya kuficha. Unaitengeneza kidogo kidogo huku unaiendesha, mwezi huu klachi, mwezi ujao viti, na ukikwama miezi sita huna maboksi, una gari.

Ila vitu vitatu ufanye kabla hujaanza kutamba nayo. Oili ya breki imwage yote uweke mpya maana inanyonya unyevu, mabomba na silinda zinaoza kwa ndani, na fundi akifungua breki za nyuma asipulize lile vumbi kwa upepo, lining'i (vile vitambaa vya breki) nyingi za zamani zilikuwa na asbesto, madini ambayo vumbi lake linadhuru mapafu, alilowanishe alifute. Hozi za petroli badilisha zote, petroli ya siku hizi inayochanganywa ethanoli inazila raba za zamani mpaka zinakuwa kama ubao, na hozi ikipasuka juu ya injini ya moto hutakuwa na gari ya kuuliza maswali. Na matairi, usidanganyike na meno. Tafuta ubavuni maandishi DOT, mwishoni kuna tarakimu nne, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta tarakimu tatu, hilo tairi ni la kabla ya mwaka 2000, hata kama lina meno ya kuchekea, hilo peleka ukapandie maua.