Sili ya sproketi ya mbele kuvuja tena baada ya wiki mbili

Umebadilisha sili, yaani mpira unaozuia oili isitoke nyuma ya sproketi ya mbele ya pikipiki (gia ndogo inayovuta cheni), na bado inavuja? Mara nyingi kosa si la sili, ndugu, ni la shafti, yaani chuma kinachobeba sproketi hiyo. Pitisha ukucha pale mdomo wa sili unapokaa: ukikwama kwenye mfereji, hata sili mpya itavuja. Safari hii usiigonge sili mpya hadi mwisho, iache nje milimita 1 ili mdomo ukalie chuma kisicholika. Upande wenye springi utazame ndani, paka oili mdomoni, gonga polepole kwa soketi inayolingana na ukingo wake. Halafu legeza cheni icheze milimita 20 hadi 30. Boda za Kondele, Kisumu, zinazobeba magunia hukazwa cheni kama nyuzi za gitaa, beringi inayoshika shafti inaumia. Shafti ikitikisika juu na chini, basi beringi imekwisha na injini itafunguliwa tu.